Mbwa anahara na pesa ni kidogo: nyumbani, dukani, kwa bwana mifugo au kliniki?

Mwaka juzi mvua za vuli zilipoanza, mtoto wa mbwa wa miezi mitatu alinifia mikononi. Alianza kutapika Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri nikamzika nyuma ya banda la kuku. Mwaka uliofuata mwingine akaugua vilevile: matapishi ya povu la njano, kisha kuhara damu yenye harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Huyo yuko hai, na ninapoandika haya amelala mlangoni. Pesa niliyotumia kwa hawa wawili haikupishana sana. Kilichopishana ni mahali nilipoipeleka, na nini nilianza nacho.

Kwa hiyo nalinganisha njia nne ambazo wengi wetu tunazo mnyama anapoharibika tumbo: kumuuguza nyumbani, kununua dawa kwenye duka la mifugo, kumwita bwana mifugo wa kata, na kwenda kliniki kwa daktari wa wanyama. Namwandikia mwenye mbwa wa kulinda nyumba au paka wa jikoni, ambaye akitajiwa bei ya kumlaza mnyama siku nne anajua papo hapo kwamba hiyo ni ada ya shule ya mtoto. Mtu wa namna hiyo anampenda mnyama wake sawa na mwingine yeyote. Anachohitaji kujua ni shilingi yake ya kwanza iende wapi.

Mtazame kwanza

Kabla ya yote, tahadhari moja. Mbwa anayedondosha mate, anayeshindwa kumeza, sauti imebadilika, taya limelegea au anatembea kama amelewa, usimtie mkono mdomoni. Watu wengi hudhani ana mfupa kooni wakaingiza vidole kuutafuta. Hiyo inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na mate yenyewe ndiyo yanayobeba ugonjwa. Mfungie mahali asipofikiwa na watoto, piga simu kwa afisa mifugo. Kama ameshakung'ata au mate yameingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo.

Kama hana dalili hizo, inua mdomo wa juu uone ufizi. Ufizi wa mbwa mwenye afya ni wa waridi na una unyevunyevu. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, achia, hesabu: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mkavu na wa kunata, amepungukiwa maji. Vuta ngozi ya juu ya mabega. Ikibaki imesimama badala ya kurudi mahali pake, amepungukiwa sana. Mbwa wetu wengi wana ufizi mweusi, basi vuta kope la chini uangalie ndani yake. Kama pamepauka, tatizo si maji peke yake, damu imepungua, na kwa mbwa anayeshinda nje wahusika wa kwanza ni minyoo ya safura na homa ya kupe. Homa ya kupe huanza na kukataa chakula na kutapika, mtu akadhani ni tumbo, mpaka mkojo utoke rangi ya chai kavu.

Kuna hali ambazo kwazo nyumbani si chaguo hata kidogo. Mtoto wa chini ya miezi 6 ambaye hakumaliza chanjo, anatapika na kuhara damu. Mbwa mkubwa aliyevimba tumbo kama ngoma, anajikakamua kutapika na hakitoki kitu. Huyo tumbo linaweza kuwa limejisokota, na ana saa chache tu. Mbwa anayetapika kila kitu hata maji na hajapata choo tangu jana; hapo waza kokwa la embe, gunzi la hindi au mfupa uliokwama. Anayetetemeka na kutoa mate mengi baada ya kula kitu usichokijua. Hiyo yaweza kuwa sumu ya panya au ya wadudu wa shambani. Katika hali hizi nne za ghafla unalinganisha kliniki ipi iko karibu, basi.

Mbwa mzima aliyekula takataka jalalani, akaharisha tangu jana lakini bado anatingisha mkia, anakunywa na maji yanakaa tumboni, huyo ana nafasi nzuri ya kupona ndani ya siku 2 au 3 bila dawa yoyote. Wengi wa wanaohara ni wa namna hii. Ndiyo maana kila dawa ya mtaani ina mashahidi wake: mbwa angepona hata bila hiyo dawa.

Nyumbani

Hii ndiyo njia ya bei ya chini kuliko zote. Pakiti moja ya ORS ya duka la dawa za binadamu hukorogwa kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ukiikosa, tumia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kufutwa juu kwa kisu, kwa lita 1. Usizidishe chumvi. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi.

Kosa tunalolifanya wengi ni kumwekea bakuli lijae. Mnyama mwenye kiu analamba nusu lita, tumbo linashtuka, yote yanarudi na mengine ya ziada. Toa kidogokidogo. Mtoto wa kilo 5 mpe mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kila robo saa. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, lipitishe pembeni ya shavu, kichwa kikiwa sawa na mwili, asubiriwe ameze mwenyewe. Ukimwinua kichwa juu na kumminia, maji yanaingia mapafuni, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Akitapika, pumzika nusu saa hadi saa nzima, kisha anza upya. Akitapika tena na tena hata hayo matone, nyumbani kumekushinda.

Chakula: mbwa mzima anaweza kupumzishwa saa 12 hivi, mtoto asishindishwe njaa, kwa sababu sukari ya mwili humwishia haraka akazimia. Wali uliopikwa ukalainika kama bokoboko, mafungu mawili, na fungu moja la kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mfupa. Bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Kiasi cha kijiko cha chakula mara 5 au 6 kwa siku kinafaa kuliko sahani moja. Zamani hata madaktari walishauri tumbo lipumzike kwa siku nzima au mbili. Siku hizi wanataka utumbo upate chakula mapema, hata kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kutapika na kuhara damu uliowapata watoto wangu wawili wa mbwa, maana ukuta wa utumbo hujijenga kwa kile kinachopita ndani yake.

Upande wa madhara, njia ya nyumbani si salama kama inavyoonekana, na hatari inatoka kwetu wenyewe. Kitunguu saumu, ambacho bibi zetu walitupa kwa kila kitu, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa na paka. Shubiri ni dawa ya kuharisha, sasa unampa nani? Maziwa ya ng'ombe huongeza kuhara. Mafuta ya kula kwa mnyama anayetapika huingia mapafuni. Parasetamoli kwa paka ni kifo. Hata nusu kidonge. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Na loperamidi, kile kidonge cha kufunga kuhara, usimpe mtoto anayehara damu: unafungia uchafu ndani.

Nyumbani basi kunafaa kwa mbwa mzima mwenye nguvu, kwa muda usiozidi siku 2. Kwa mtoto mdogo, saa 12 tu, na hizo ni saa za kutafuta nauli.

Duka la dawa za mifugo

Hapa ndipo ilipoishia pesa ya mtoto wa kwanza. Lilikuwa duka la jirani, muuzaji kijana mpole. Alisikiliza kwa makini kabisa, akauliza, "Ana ukubwa gani, kaka?" Nikaonyesha kwa mikono. Akanipa chupa ya oksitetrasaiklini, antibiotiki ya ng'ombe, bomba la sindano, na vidonge vya metronidazo, antibiotiki nyingine. "Mchome leo na kesho, atakaa sawa." Nilimchoma. Alilia mpaka jirani akatoka nje. Kesho yake hakuinuka, nikarudi, nikauziwa vitamini. Muda wote huo hakuna aliyempa maji, nami nikiwemo.

Yule kijana simlaumu sana, alikuwa na rafu ya dawa na mteja anayelia. Ila alichoniuzia hakikugusa tatizo. Parvo ni virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kinachomuua mtoto ni kuishiwa maji na chumvi za mwili, sukari kushuka, na bakteria wa utumbo kupenya ukuta uliochubuka na kuingia kwenye damu wakati huohuo chembe nyeupe zimekwisha. Antibiotiki sahihi husaidia hili la mwisho tu, na ikitolewa bila maji ni kama kumfungia mlango mwizi nyumba ikiwaka moto. Kwa kuhara kwa kawaida, madaktari sasa wanaikwepa hata metronidazo, kwa sababu wanyama wengi wanapona bila hiyo na wadudu wazuri wa utumbo wanaharibiwa bure.

Linganisha bei: chupa ya sindano ya ng'ombe inaonekana rahisi kwa sababu imejaa. Mbwa wako anahitaji tone, zilizobaki zinaharibika kabatini. Ukijumlisha chupa, vidonge, vitamini na safari mbili za bodaboda, umeshalipia kumwona daktari.

Lakini duka hili lina kazi yake, na moja ni dawa ya minyoo. Kama mbwa anahara taratibu kwa wiki kadhaa, amekonda, tumbo limetuna, manyoya yamefifia, au kinyesi kina weusi kama lami, minyoo ni ya kushukiwa mapema, na dawa yake ni nafuu. Omba iliyoandikwa mbwa au paka kwenye pakiti. Fenbendazo hutolewa miligramu 50 kwa kila kilo, mara 1 kwa siku, siku 3 mfululizo, na ni salama hata kwa watoto. Pairanteli nayo ni nzuri. Ikiwa na prazikwanteli ndani, inachukua na tegu. Albendazo ya kunywesha mbuzi iache, maana inaweza kugandamiza uboho unaotengeneza damu, kitu ambacho parvo nayo inakifanya. Levamisoli ina nafasi finyu kati ya dozi ya kutibu na ya kudhuru. Sindano ya aivamektini ya ng'ombe imeua watoto wa mbwa wengi, kwa kuwa dozi yao ni ndogo kiasi kwamba kosa la alama moja kwenye bomba ni mara kumi.

Dozi yoyote inahitaji uzito. Usikadirie kwa mikono kama nilivyofanya mimi. Mbebe mbwa, panda naye kwenye mizani ya watu, soma. Mshushe, jipime peke yako, toa.

Bwana mifugo wa kata

Nchini kwetu Tanzania mtu huyu yupo katika kata nyingi, na watu wanamsahau kwa kudhani ni wa ng'ombe tu. Unamlipa nauli na dawa aliyotumia, anakuja nyumbani, anaona mazingira: jalala lililo wazi, kamba yenye kupe, sumu ya panya iliyosahaulika nyuma ya gunia. Daktari wa kliniki hayaoni hayo.

Udhaifu wake nao ni wa kweli. Wengi wao wana astashahada au stashahada, si madaktari, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inawataka wafanye kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa. Mkoba wake umejaa dawa za ng'ombe na mbuzi. Sindano ya kuzuia kutapika mara nyingi hana. Wapo waliotibu mbwa mamia, na wapo ambao mbwa kwao ni wa chanjo ya kichaa tu.

Niliyempata mimi alikuwa mzee anayekaribia kustaafu. Nilimpigia saa 1 asubuhi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini huko?"

Nikamweleza. Akauliza umri, chanjo, rangi ya kinyesi, na kama mtoto anasimama. Kisha akasema neno ambalo nalishukuru mpaka leo: "Huyo si wa kwangu. Mimi nitakuja kumtia maji chini ya ngozi apate nguvu ya safari, lakini mpeleke kwa daktari leo leo. Nakupa namba."

Hicho ndicho kipimo changu cha bwana mifugo mzuri: anakuuliza mengi kabla ya kufungua mkoba, na anajua wapi mwisho wake. Anayefungua chupa kabla hajapima joto, mlipe nauli yake umshukuru. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38 na 39.2. Mtoto anayehara ambaye joto limeshuka chini ya 37.5 yuko pabaya kuliko mwenye homa.

Kliniki: kulazwa au kwenda na kurudi

Wengi hatuendi kliniki kwa sababu tunadhani ni kulazwa au hakuna. Si hivyo. Kati ya hayo mawili kuna njia ya tatu, na ndiyo iliyomwokoa mbwa wangu.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, walichapisha ulinganisho wa mbwa 40 wenye parvo. Wote walipata kwanza maji ya mshipani, na sukari kwa waliopungukiwa nayo, mpaka wakatulia. Kisha 20 wakatibiwa kwa utaratibu kamili wa kulazwa, dripu usiku na mchana. Wengine 20 wakatibiwa kama mgonjwa wa kwenda na kurudi: maji chini ya ngozi mara kadhaa kwa siku, sindano 1 ya antibiotiki ya muda mrefu, sindano ya kuzuia kutapika iitwayo maropitanti kila siku, na kulishwa kidogokidogo kwa bomba. Waliolazwa walipona 18, sawa na asilimia 90. Wale wengine walipona 16, asilimia 80. Kweli, hao 20 wa pili nao walikuwa chini ya macho ya wataalamu muda wote, kwa hiyo nyumbani kwako usitarajie kufikia namba hiyo kirahisi. Lakini weka hizo mbili kando ya wasiotibiwa kabisa, ambao huhesabiwa kwamba anapona hata si mmoja kati ya kumi, uone pengo kubwa liko wapi. Haliko kati ya kulazwa na kutolazwa. Liko kati ya kutibiwa na kutotibiwa.

Kwa hiyo ukifika kliniki, sema ukweli wa mfukoni kabla hajaanza kazi. Mimi nilisema hivi: "Daktari, leo nina hiki, Ijumaa nitakuwa na kingine kama hicho. Nifanyie kipi kwanza?" Sikuona dharau usoni pake. Alichukua kalamu akapanga.

Cha kwanza ni macho na mikono yake: kumpapasa tumbo, kupima joto, kusikiliza moyo. Hiyo ndiyo bidhaa ghali kuliko zote na ndiyo inayouzwa kwa bei ndogo. Cha pili, kinyesi chini ya hadubini, kwa minyoo na wadudu wengine. Ni kipimo cha gharama ndogo na kinaweza kubadili safari nzima. Cha tatu, sindano ya kuzuia kutapika, baada ya kuhakikisha hakuna kitu kilichoziba. Kutapika kukikoma, yale maji ya nyumbani sasa yanakaa. Yaani sindano hiyo moja ndiyo inayofanya kazi yako ya nyumbani iwezekane. Cha nne, maji. Kipimo cha haraka cha parvo daktari alisema tukiache, kwa kuwa dalili zilikuwa wazi na matibabu yasingebadilika. Ungekuwa na mbwa wengine bandani, kipimo hicho ningekishauri, ili ujue unawatenga kwa sababu gani.

Kisha akanifundisha kutia maji chini ya ngozi. Ringa ya laktati, maji ya dripu yenye chumvi za mwili, chupa ileile ya hospitali za watu, imepashwa moto ndani ya beseni la maji vuguvugu. Unanyanyua ngozi ya kati ya mabega iwe kama hema, sindano inaingia chini ya hema hilo, maji yanajikusanya kuwa kinundu kama andazi, kinashuka taratibu kuelekea bega. Dekstrozi, yaani dripu ya sukari, usiipitishe hapo hata kama imebaki chupani. Inavuta maji kutoka mwilini kabla ya kuyaleta. Usijaribu haya kwa kusoma tu. Mwombe daktari akuonyeshe, naye akuone ukifanya mara moja.

Usiku ule niliweka daftari la shule la mwanangu sakafuni. Saa 4 usiku, 5 ml, amebaki nayo. Saa 4 na robo, 5 ml, amebaki nayo. Saa 6, ametapika kidogo, povu. Saa 7, 3 ml. Chupa ya soda yenye maji ya moto, nimeizungushia kanga, iko ubavuni pake. Saa 10 alfajiri aliinua kichwa akanusa kijiko kabla sijakifikisha. Sikulala tena, si kwa kazi, ila kwa furaha. Daftari lile nilimpelekea daktari asubuhi, akasema limemsaidia kuliko maelezo yangu, maana mtu aliyekesha hakumbuki saa.

Kulazwa bado kuna nafasi yake. Mtoto asiyeweza kusimama, aliyepoa mwili, anayetapika hata baada ya sindano, au nyumba ambayo hakuna mtu wa kukesha, hapo dripu ya mshipani ndiyo njia. Hata siku 1 ya kulazwa ikifuatiwa na kwenda na kurudi ni bora kuliko siku 4 za nyumbani kisha siku 1 ya kliniki mnyama akiwa ukingoni. Pesa ni ileile, na wengi wetu tunaitoa mwishoni.

Vyuo na mashirika

Aliye karibu na Morogoro ana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Nairobi kuna kitivo cha tiba ya wanyama cha Kabete, na Kampala wako Makerere. Mahali pa kufundishia unasubiri kidogo, mnyama wako anatazamwa na wanafunzi kabla ya mwalimu, na hilo kwangu ni faida, kwa sababu wanatazama kila kitu. Mashirika ya kutetea wanyama kama KSPCA ya Nairobi na Mbwa wa Africa ya Usa River, karibu na Arusha, yamebeba mzigo mkubwa wa wanyama wasio na wenyewe; piga simu uulize kabla ya kusafiri, na ukisaidiwa lipa unachoweza.

Paka

Kwa paka, fupisha muda wa kila nilichosema. Paka asiyekula siku 2 au 3 mfululizo ini lake huanza kujaa mafuta, hasa aliyenenepa. Anayetapika na ana uzi unaoning'inia mdomoni au nyuma, usiuvute: mwisho mwingine unaweza kuwa umeshika utumbo, au una sindano ya kushonea. Paka nao wana ugonjwa wao wa jamii ya parvo, unaoua watoto wa paka kwa kutapika na kuhara vivyo hivyo, na mpango wa matibabu ni uleule: maji, kuzuia kutapika, joto, chakula kidogo.

Njia zote zikishindikana

Kuna siku ambayo daktari atakwambia hakuna njia, au njia iliyopo huiwezi. Sindano ya kumpumzisha milele hugharimu kidogo kuliko matibabu, na mnyama analala bila maumivu. Yule mtoto wa mbwa wa kwanza alikufa akilia saa 5 nzima. Ningejua kwamba hilo linaombwa, ningeliomba. Liulize bila aibu, na kaa naye mpaka mwisho, anaijua sauti yako.

Baada ya hapo, uwanja

Yule wa pili aliugua kwa kosa langu. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo mwaka mzima au zaidi, nami nilimleta mbwa mpya kwenye uwanja uleule akiwa amechanjwa mara 1 tu. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Moja haitoshi, kwa sababu kinga aliyonyonya kwa mama yake inaweza kuifuta. Sabuni na dawa nyingi za sakafuni haziviui virusi hivi. Klorini ya kufulia inaviua, kikombe 1 kwa maji vikombe 20, juu ya sakafu iliyokwisha kusuguliwa ikawa safi, iachwe dakika 10. Udongo hausafishiki hivyo, jua na muda ndivyo vinavyousafisha, kwa hiyo mtoto asiyechanjwa asiukanyage.

Jirani yangu ana watoto watano wa mbwa wanaotimiza wiki 6 Jumamosi hii. Nyumba tatu tumechanga. Daktari amekubali kuja mara moja awachanje wote, nauli igawanywe kwa tatu, na mzee wetu wa mifugo atakuwepo kuwapa ya minyoo. Mizani nimeshaazima.